Kabla Hujamlipa Wakala, Soma Njia ya Samatta

Laki sita. Hiyo ndiyo hela aliyotakiwa kulipa kijana wa kidato cha tatu wilayani Muleba ili apelekwe "majaribio" Kampala, na akifaulu Kampala aunganishwe Uturuki. Alikuja kuniambia baada ya mazoezi, mwaka jana nikiwa TP, ameshika simu ya dada yake yenye ujumbe wa mtu aliyejiita wakala. Ujumbe ulikuwa na bendera tatu, picha ya mpira na namba ya kutumia pesa. Jina la klabu halikuwemo.

"Madam, hata Samatta alianza hivi hivi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba si kweli. Akaniuliza, "Alianzaje sasa?" Hapo nikakwama. Mimi ni mtu wa kukaa kibanda umiza tangu sekondari, na bao la Samatta pale Wembley nimelitazama mara nyingi kuliko notisi zangu za Saikolojia ya Elimu, lakini njia aliyopita kutoka Mbagala hadi Wembley nilikuwa naijua vipande vipande tu. Nilijua mabao. Jinsi mchezaji anavyotoka klabu moja kwenda nyingine, nani anamruhusu, nani analipwa na kwa kanuni ipi, sikujua hata kidogo. Na ndiyo mwalimu wa michezo mwenyewe, kwa sababu aliyekuwepo alikuwa amehama na hakuna mwingine aliyeitaka hiyo kazi.

Mama yake kijana alikuwa ameshaanza kutafuta hela. Wenzangu wa Kagera mtaelewa nikisema alikuwa anataka kufanya butura. Kwa msiotoka huku, butura ni kuuza kahawa ingali mtini. Mnunuzi anakupa pesa leo kwa bei yake, na msimu ukifika anakuja kuvuna mavuno ambayo si yako tena. Serikali inapiga marufuku, ila mwenye shida hakosi mnunuzi. Kwa hiyo laki sita zile zilikuwa kahawa ya mwaka mzima ya familia nzima.

Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa yule kijana jioni ile. Naiandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaosoma ualimu tutapelekwa kwenye shule za kata, tutakabidhiwa filimbi na mipira miwili isiyo na upepo, na siku moja mtoto atatuonyesha ujumbe kama ule.

Tuanze na Mbwana Samatta mwenyewe. Amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1992 na kukulia Mbagala. Klabu yake ya kwanza kubwa ilikuwa African Lyon, ile iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market kabla ya kubadilishwa jina. Mwaka 2010 akaenda Simba. Hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe ikashinda mechi zote mbili, na katika kupigwa huko wale Wakongo wakamwona kijana mmoja mbele ya Simba wakamtaka. Mwaka huohuo akavuka kwenda Kongo.

Kuna kisa cha pembeni hapa ambacho watu wengi wamekisahau. Mazembe ilishinda uwanjani ila haikuendelea. Simba ilikata rufaa kwamba mchezaji mmoja wa Mazembe, Janvier Besala Bokungu, alichezeshwa wakati uhamisho wake kutoka Espérance ya Tunisia haukuwa halali. CAF ikakubali, bingwa mtetezi wa Afrika akatupwa nje, na Simba ikapewa mechi ya mchujo dhidi ya Wydad Casablanca. Simba ilipoteza mchujo ule, lakini hilo si muhimu kwa leo. Angalia tu kilichotokea: timu iliyokuwa imecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan miezi michache nyuma iliangushwa na karatasi. Na ndiyo mashindano yaleyale yaliyomtoa Samatta.

Sasa umri. Samatta alipokwenda Mazembe alikuwa ametimiza miaka 18. Kanuni ya FIFA ya hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, inasema mchezaji hawezi kuhamishwa kimataifa kabla ya kufikisha miaka 18. Ipo misamaha, lakini ni michache na myembamba. Mmoja ni kama wazazi wamehamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Mwingine ni wa ndani ya Ulaya, ambako kijana wa miaka 16 anaweza kuhama kwa masharti ya shule na malezi. Na upo mmoja unaotugusa sisi watu wa mpakani: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka uleule, mradi aendelee kulala nyumbani kwao na vyama vya nchi zote mbili vikubali.

Niliposoma hilo nilichukua ramani. Mpaka wetu na Uganda uko Mutukula. Mji wa Muleba uko mbali na mpaka kuliko kilomita 50, hata ukipima kwa mstari mnyoofu kama kunguru anavyoruka. Kampala nayo iko mbali zaidi upande wa pili. Kijana wangu alikuwa na miaka 16. Kwa hiyo hata kama yule "wakala" angekuwa malaika, hakukuwa na klabu ya Kampala ambayo ingeweza kumsajili kihalali kwa njia ile, achilia mbali Uturuki. Ningelijua hilo jioni ile, mazungumzo yangeisha kwa dakika mbili.

Jambo la pili ambalo njia ya Samatta inaonyesha ni pa kwenda. Wengi wetu tunalisimulia jambo hili kana kwamba Lubumbashi ilikuwa kituo cha daladala tu, alishuka akapanda nyingine ya Ulaya. Hapana bwana. Alikaa Mazembe zaidi ya miaka minne. Mazembe ya wakati ule ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, ina uwanja wake na mwenye klabu mwenye hela, Moïse Katumbi. Wachezaji wake walikuwa wanalipwa, na walikuwa wanacheza mechi kubwa za Afrika kila mwaka. Na Lubumbashi watu wanaongea Kiswahili, chao cha Kikongo chenye vionjo vyake, lakini kijana wa Mbagala hakosi kuomba maji akaeleweka. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye alikuwa palepale.

Faida ya kukaa ilionekana mwaka 2015. Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger. Kule Algiers ilishinda 2-1, na nyumbani ikashinda 2-0. Samatta alifunga kwenye mechi zote mbili. Akamaliza mashindano akiwa na mabao 7, kileleni mwa orodha ya wafungaji. Januari 2016, pale Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji ikamsajili.

Niseme maoni yangu hapa, na najua kuna watakaobisha. Sidhani kwamba Samatta angefika mbali kama 2011 angekwenda moja kwa moja benchi la timu ya daraja la pili huko Ulaya. Alikwenda mahali ambapo angecheza. Mchezaji anayecheza ana kitu cha kuonyesha. Anayekaa hosteli ya nchi ya watu akisubiri "dili" hana, hata awe na kipaji cha kuogofya. Mbele yake yupo Sunday Manara wa Yanga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Heracles ya Uholanzi. Manara naye alitoka hapa akiwa tayari ni Sunday Manara, nyota wa Yanga na Taifa Stars. Hakutoka akiwa jina kwenye ujumbe wa simu.

Genk nayo ilikuwa hatua ya kimo chake. Si Barcelona. Ni mji wa mkoa wa Limburg uliokua kwa migodi ya makaa ya mawe, na klabu yenyewe ilizaliwa 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya migodi. Inajulikana kwa kununua vijana na kuwauza ghali. Kevin De Bruyne alilelewa hapo. Samatta alikaa miaka minne. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Mwaka huohuo akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile, akaiongoza Taifa Stars kama nahodha kwenye AFCON ya Misri, yetu ya kwanza tangu 1980, na Novemba akafunga Anfield dhidi ya Liverpool kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Usiku ule kwenye kibanda cha kwetu mwenye televisheni alizima makusudi kidogo, akadai jenereta, watu nusura wamle mbichi.

Januari 2020 Aston Villa ikamnunua. Hapa tena karatasi. Uingereza wakati ule ilikuwa inatoa kibali cha kazi moja kwa moja kwa wachezaji wa mataifa yaliyo katika nafasi 50 za juu za FIFA, kwa kuangalia wamecheza asilimia ngapi ya mechi za timu ya taifa. Tanzania ilikuwa mbali, nafasi ya zaidi ya 100. Mchezaji wa nchi kama yetu alilazimika kupitia njia ya pili, ambako wanapima thamani ya uhamisho, mshahara, ligi anayotoka na mashindano aliyocheza. Ukiwa na ubingwa wa Ubelgiji na mechi za Ligi ya Mabingwa mkononi, una la kuwaambia. Ukitoka mchangani moja kwa moja huna. Yaani ile miaka minne ya Lubumbashi na minne ya Genk ndiyo iliyofungua lango la Birmingham. Alifunga mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga kwa kichwa fainali ya Kombe la Ligi, Villa ikifungwa 2-1 na Manchester City. Baada ya hapo alikwenda Fenerbahçe, akapita Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo, na 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki ambayo ilibeba ubingwa 2024. Watu wanasema Villa alifeli. Mimi nasema muda mfupi wa Villa ulikuja katikati ya timu inayopigania kutoshuka daraja, halafu korona ikasimamisha ligi. Lakini tusigombane.

Nirudi nyuma miaka mia na ushee, kwa sababu nilipokuwa natafuta habari za mikataba nilikutana na mtu aliyenifanya nielewe kwa nini karatasi hizi zipo. Anaitwa Billy Meredith, Mwelisi, winga wa kulia, amezaliwa 1874 Chirk, kijiji cha migodi huko Wales. Alianza kufanya kazi mgodini akiwa na miaka 12. Mwaka 1894 akajiunga na Manchester City, na 1904 akafunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton. Alikuwa anacheza akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Picha zake zinamtambulisha kwa hicho.

Enzi zake mchezaji wa Uingereza alikuwa na kamba mbili shingoni. Ya kwanza, mshahara ulikuwa na kikomo: pauni 4 kwa wiki, hata uwe unajaza uwanja peke yako. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Klabu ikishakusajili, ilikuwa inaweza kukuzuia hata baada ya mkataba wako kuisha. Usipokubali masharti yake, huchezi kwake na huchezi kwingine. Mwaka 1905 Meredith alifungiwa kwa tuhuma kwamba alimuahidi pauni 10 nahodha wa Aston Villa, ndiyo, Villa hiyohiyo, ili walegeze mechi. City ikakataa kumlipa akiwa kifungoni. Yeye akafungua mdomo: klabu ilikuwa inawalipa wachezaji juu ya kikomo kwa siri miaka yote. Chama cha soka kikawashukia, wachezaji 17 wakafungiwa, City ikalazimika kuwauza, na Meredith akaishia mtaa wa pili, Manchester United. Huko akachukua ubingwa wa ligi 1908 na 1911, na Kombe la FA 1909. Mashabiki wa United mnaosoma, mizizi yenu iko kwenye kesi ya rushwa ya City. Msiniulize mimi.

Lililonigusa ni la Desemba 1907. Meredith na wenzake walikutana hotelini Manchester wakaanzisha chama cha wachezaji. Waajiri wakakichukia. Mwaka 1909 wachezaji waliambiwa wajitoe chamani au wafungiwe. Wa United wakakataa, wakafungiwa, wakaendelea kufanya mazoezi wakijiita timu ya Watengwa. Chama hakikufa. Kikomo cha mshahara kilikuja kuondolewa 1961, Meredith akiwa ameshafariki miaka mitatu kabla. Na ile kamba ya pili, ya kumzuia mtu ambaye mkataba wake umeisha, kwa Ulaya ilikatwa na mahakama 1995 kwenye kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Leo mchezaji mkataba ukiisha anaondoka bure. Haki hiyo ilianza kudaiwa na watu wa migodini waliojua chama ni nini. Meredith mwenyewe alirudi City na kucheza nusu fainali ya Kombe la FA 1924 akiwa na miaka 49. Mechi 48 za Wales. Utajiri hakuupata.

Kwa hiyo mkataba una kazi mbili. Unamlinda mchezaji, na unamfunga. Usipousoma utapata kazi ya pili tu. Chini ya miaka 18 kanuni za FIFA zinasema mkataba usizidi miaka mitatu. Kwa mtu mzima, kikomo cha kawaida ni mitano. Wakala naye anatakiwa awe na leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA, unaandika jina unaangalia. Akitaka kumwakilisha mtoto, anahitaji sifa ya ziada na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Na hela ya wakala inatoka kwenye mkataba uliosainiwa. Haitoki kwenye kahawa ya mama kabla hata hujavaa viatu.

Sasa kuna sehemu ambayo hata walimu wenzangu wa zamani wa michezo hawakuwa wanaijua, nayo inahusu shule, vituo na klabu ndogo. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa miaka 23. Yanaitwa malipo ya mshikamano. Kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote. Kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Jumlisha: misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1, minane ya mwisho ni asilimia 4.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana kauzwa kwa euro milioni 10. Asilimia 5 ni euro laki tano. Klabu ya Muleba iliyokaa naye misimu miwili tu, akiwa na miaka 16 na 17, inastahili asilimia 1, euro laki moja. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 200. Na akiuzwa tena kwa masharti hayohayo, wanalipwa tena. Kwa klabu ambayo leo inachangishana mafuta ya pikipiki kumfuata mwamuzi, hiyo ni hela ya kununua uwanja na kuuzungushia ukuta.

Chukua kisa cha Samatta uone kanuni inavyotembea. Ametimiza miaka 23 Desemba 2015, bado yuko Mazembe. Kwa hiyo katika uhamisho wa Genk kwenda Villa, wenye haki kwa hesabu ya kanuni ni klabu alizosajiliwa kabla ya hapo: African Lyon, Simba, na sehemu kubwa zaidi Mazembe iliyokaa naye misimu mingi, na Genk yenyewe kipande kidogo cha msimu ule wa mwisho. Timu ya mtaani aliyopigia danadana utotoni, kama haikumsajili popote, haipo kwenye hesabu. Haijalishi kocha wake alimnunulia viatu mara ngapi. FIFA hailipi kumbukumbu za watu. Inalipa kile kilichoandikwa kwenye pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa na tarehe zake, ambayo chama cha soka cha nchi ndicho kinaitoa. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo haya yanapitia chombo kimoja cha FIFA ambacho kinasoma usajili huo. Kama mtoto wako hayumo, hayumo.

Hapo ndipo nilipoona tatizo letu lilivyo kubwa. Kagera tuna Kaitaba, tuna Kagera Sugar, tuna watu wanaojaa uwanjani Simba au Yanga ikija Bukoba. Lakini vijana wengi wa Muleba wanacheza ndondo na UMISSETA tu. Kule jina linaandikwa kwenye karatasi ya mashindano, mashindano yakiisha karatasi inafungia maandazi. Kijana anafika miaka 18 hana rekodi yoyote inayosema alicheza wapi. Kwa macho ya dunia ya mpira, hajawahi kucheza. Mtu wa namna hiyo ndiye rahisi kutapeliwa, kwa sababu hana njia nyingine anayoijua.

Baada ya wiki moja ya kusoma na kupiga simu kwa watu nilienda nyumbani kwao kijana, jioni, na mwalimu mwenzangu wa kiume kwa sababu nilijua baba zake wadogo watakuwepo. Nilimsalimia mama shikamoo, tukaletewa viti chini ya migomba. Nikaeleza la miaka 18, la leseni, la jina la klabu. Baba mdogo mmoja hakupenda. "Mwalimu, na wewe hujawahi kumpeleka mtu Ulaya," akasema. Kweli, sijawahi. Nikamwomba tu ampigie wakala pale pale, aweke sauti, amuulize mambo mawili: jina lake kama lilivyo kwenye leseni, na jina la klabu ya Kampala. Akapiga. Yule bwana akasema mtandao unasumbua, atatupigia. Mpaka naondoka saa moja usiku hakupiga, na asubuhi namba ya kijana ilikuwa imezuiwa.

Mama hakushangilia. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyu mtoto nifanye naye nini?" Kijana mwenyewe alikuwa amenuna, na wiki mbili nzima hakuja mazoezini. Nilimwelewa. Nilikuwa nimemwondolea Uturuki nikampa fomu.

Fomu ndiyo tuliyohangaika nayo mwezi wangu wa mwisho. Kuna klabu ya wilayani iliyosajiliwa, inacheza ligi ya chini, kocha wake akakubali kumchukua na kumwandikisha, ili naye apate namba yake kwenye mfumo. Tatizo likawa cheti cha kuzaliwa. Kwenye kadi ya kliniki jina lake la tatu lina herufi moja, kwenye cheti ina nyingine, na shuleni mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Mwaka wa kuzaliwa nao umepishana kati ya cheti na shule. Ukisajili hivyo, siku klabu fulani ikimtaka, ndipo utasikia mambo ya Bokungu.

Tulienda ofisi ya wilaya mara tatu. Mara ya kwanza aliyehusika alikuwa semina. Mara ya pili walitaka barua ya mtendaji wa kijiji. Mara ya tatu mama alikuja mwenyewe na barua, kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye nailoni na picha mbili za pasipoti ambazo kijana amevaa jezi, tukaambiwa apige nyingine amevaa shati. TP yangu iliisha kabla cheti kipya hakijatoka. Mwezi uliopita kijana alinitumia picha ya cheti kwa simu ya dada yake. Jina sasa limenyooka. Chini yake aliandika, "Madam, kocha anauliza kama na wale wadogo wa kidato cha kwanza tuwaandikishe."